Hoja ya Kanisa Tupu

Katika mji wa Canlubas, kisiwani Bohol, kijana aliyetaka kunyolewa alikuwa na njia mbili: alipe peso sitini, au ajibu swali la Islaw. Wengi walilipa. Swali lenyewe, tangu mwaka wa tetemeko la ardhi, na huu ulikuwa wa nne, hakuna aliyelijibu.

Islaw, jina lake la ubatizo Wenceslao Bongato, alikuwa kinyozi mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Juu ya kioo alitundika kibao cha rangi nyekundu: NIJIBU, UNYOLEWE BURE. Mteja akishaketi, akishafungwa kitambaa shingoni na kuinamishwa kichwa, hana tena pa kukimbilia, ndipo Islaw alipoanza.

"Siku ile kanisa letu la mawe lilianguka lote. Kweli si kweli?"

"Kweli, Mjomba Islaw."

"Ilikuwa siku ya mapumziko ya serikali, hakuna misa, hamna mtu ndani. Mkasema Mungu katuokoa, kanisa lilikuwa tupu. Kweli?"

"Kweli."

"Mama yangu alikuwa jikoni anakaanga samaki. Ukuta ukamwangukia. Sasa niambie, mwanangu. Kama aliyewatoa watu kanisani ni Mungu, aliyemwacha mama yangu jikoni ni nani?"

Mkasi unaendelea, kacha, kacha, kacha. Kijana anatoka dukani kichwa kinang'aa kwa nje na ndani vurugu tupu.

Padri Teodulfo alilivumilia hilo mpaka watumikiaji watatu wa altare walipoacha kutumikia ndani ya mwezi mmoja, wote wakiwa wamenyolewa vizuri sana. Ndipo akachukua mfuko wa mikate ya moto, akaenda kubisha kwa Primitiva Tumulak, ambaye mji mzima ulimwita Tibang.

Tibang alikuwa na miaka sitini na mitatu. Thelathini na minne kati ya hiyo aliimaliza katika mahakama ya mji wa Tagbilaran akiandika hati mkato, kila neno la kila wakili na kila shahidi. Padri alimkuta kibarazani anamenya viazi vikuu vya zambarau.

"Nimekuletea mkate, Dada Tibang."

"Mkate wa padri hauji peke yake. Sema."

Padri akasema. Vijana wanakwenda vyuoni kisiwani Cebu mwezi wa nane, na hata kabla ya kufika huko wanaangushwa na kinyozi. Anataka mtu wa kuwafundisha kuitetea imani yao kwa hoja. Kipo kijitabu kizuri, maswali mia na majibu mia, wakikariri chote...

"Hapana," Tibang alisema.

"Hapana hufundishi?"

"Hapana kijitabu. Padri, shahidi aliyekariri mimi nilikuwa namjua kwa kalamu yangu. Maneno yanateleza kama yamepakwa mafuta. Halafu wakili anamuuliza swali la mia na moja, mtu anatoa macho kama samaki sokoni." Akatupa ganda kapuni. "Nitawafundisha. Lakini kwa namna yangu, na usije ukaniingilia darasani."

Padri alikubali haraka, kama watu wanavyokubali mambo wasiyoyajua.

Walijitokeza vijana tisa. Walikutana kila Alhamisi baada ya shule, katika ukumbi wa bati nyuma ya kanisa jipya. Siku ya kwanza Tibang aliwaambia waweke Biblia mezani, wasizifungue kwanza.

"Atakayejibu kabla hajairudia hoja ya mwenzake mpaka mwenzake aseme 'ndivyo', anatoka nje. Atakayesema 'watu wanasema', anatoka nje. Watu gani? Majina yao? Na asiyejua aseme sijui. Sijui ni jibu halali, hata jaji hulipokea. Uongo wa kumtetea Mungu ni uongo tu."

Nusu saa ya kwanza saba kati ya tisa walikuwa nje. Mmoja kati ya wawili waliobaki alikuwa Tranquilino, wanayemwita Kino, na alibaki kwa sababu hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa kijana mnene, mpole, mwenye kufikiri taratibu mpaka wenzake wakadhani amelala. Wa pili alikuwa Gaudiosa, yaani Osang, msichana mwembamba ambaye alikuwa hajawahi kushindwa ubishi tangu azaliwe. Huyo alirudia hoja, akapata "ndivyo" yake, kisha akamkatakata mwenzake vipande kama kitunguu.

Tibang alipomsikiliza alisisimka. Alikuwa ameandika maneno ya mawakili wenye majina makubwa ambao hawakuifikia kasi ile.

Juma la tatu akawapanga upande wa pili. "Leo nyinyi ni Islaw. Teteeni upande wake vizuri kuliko yeye mwenyewe anavyoweza. Ukiona hoja yake ni ya kijinga, bado hujaielewa."

Kesho yake, kabla kahawa haijachemka, mama yake Osang alikuwa kibarazani, mikono kiunoni.

"Mwalimu, nilimleta mtoto wangu ajifunze kumtetea Mungu. Jana mezani amethibitisha kwamba hayupo!"

"Amethibitisha vizuri?"

"Vizuri sana! Baba yake kashindwa kumjibu, kaacha chakula, kaenda kulala!"

"Basi mwambie baba yake aje Alhamisi," Tibang alisema. "Kiti kipo."

Mama alicheka bila kutaka, na akaondoka na kikombe cha chokoleti ya moto mkononi. Kikombe hakikurudi.

Yote yangekwenda vizuri kama si Osang kuwa na haraka. Jumamosi ya kuelekea sikukuu ya mtakatifu wa mji, wakati kila mwanamume wa Canlubas anataka kunyolewa na duka la Islaw limejaa mpaka barabarani, Osang aliwakusanya wenzake wote wanane, akaingia nao mle ndani bila kumwambia mwalimu. Wasichana hawanyolewi kwa Islaw, kwa hiyo alimkalisha binamu yake kitini awe kichwa cha kunyolewa, na yeye akasimama pembeni awe mdomo.

Tibang alihadithiwa mchana ule ule na Kino, aliyekuja anahema, jasho likimtiririka.

"Ilikuwaje? Taratibu. Neno kwa neno."

"Mjomba Islaw aliuliza swali lake. Osang akalirudia, sawasawa kabisa, akapata 'ndivyo'. Watu wakapiga makofi. Halafu akasema ardhi lazima itikisike, kwamba isingetikisika pasingekuwa na milima wala visiwa, wala Bohol yenyewe. Mjomba akasema, haya, umejitahidi, lakini kutikisika si kuua. Osang akasema ndiyo hapo hapo! Tetemeko haliui mtu uwanjani. Kinachoua ni ukuta, na ukuta haukujengwa na Mungu. Akasema, 'Mjomba, mama yako aliuawa na fundi aliyejenga lile jiko vibaya. Kamdai yeye.'"

Tibang, aliyekuwa anakata mboga, aliweka kisu chini.

"Jiko lile alilijenga nani, Kino?"

"Mjomba Islaw mwenyewe, Mwalimu. Kwa mikono yake. Alimjengea mama yake kama zawadi ya Krismasi."

"Osang alijua?"

"Hakujua. Wazee wote mle ndani walijua."

Kinyozi hakugomba. Aliweka mkasi, akamfungua yule binamu kitambaa, akamkung'uta nywele shingoni kwa brashi kama kawaida, akaomba radhi kwa watu, akafunga duka. Saa nne asubuhi, Jumamosi ya kuelekea sikukuu. Zaidi ya wanaume ishirini walibaki barabarani na nywele zao, na hasira zote zilielekea kanisani. Mkuu wa maandamano ya mtakatifu alikuwa bado na ndevu mashavu yote mawili.

Tibang alimkuta Osang nyuma ya ukumbi, kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kainama, macho mekundu.

"Lakini hoja ilikuwa sahihi," msichana alisema kabla hajaulizwa. "Mwalimu, ilikuwa sahihi! Hakuwa na jibu!"

"Ilikuwa sahihi."

"Sasa kwa nini najisikia hivi?"

Tibang aliketi kwenye jiwe lililobaki la kanisa la zamani. Alijua kwamba kosa lilikuwa lake pia, na alilijua tangu Kino aliposema neno "makofi". Alikuwa amewafundisha watoto kunoa kisu, akasahau kuwaambia kinakata nini.

"Niliandika maneno ya wakili mmoja miaka mingi," alisema. "Kila shahidi aliyesimama mbele yake alianguka. Siku moja akamuuliza maswali mwanamke aliyefiwa na mtoto, maswali mazuri, yamepangwa kama ngazi. Mwanamke akanyamaza. Wakili akatabasamu, akaketi. Mimi nilimtazama jaji, Osang. Nikajua kesi imekwisha, na si kwa upande wake. Ukimjibu mtu, mtazame anayeuliza. Si swali tu."

"Nimefanya nini sasa?"

"Umemwambia mtu kwamba alimuua mama yake. Sasa twende ukamwambie kitu kingine."

"Nitamwambia nini?"

"Hilo huhitaji darasa."

Walikwenda watatu, Tibang, Osang, na Kino, ambaye alisema anakuja kwa sababu kweli alihitaji kunyolewa, kesho yake angebeba msalaba mbele ya maandamano. Wale wanaume walikuwa bado barabarani, wengine wamekalia pikipiki zao, wakisubiri kama wagonjwa kwa daktari. Tibang aligonga.

"Islaw! Ni mimi."

"Nimefunga, Dada Tibang."

"Naona. Fungua."

Akafungua. Osang aliingia mbele, akasimama katikati ya nywele za watu sakafuni, na yule msichana wa maneno elfu akapata manne. "Mjomba, nisamehe. Nilikuwa sijui." Kisha akaanza kulia tena, akajifuta kwa kiwiko.

Islaw alimtazama. Uso wake ulikuwa umechoka, kama uso wa mtu aliyeshinda anabeba mawe.

"Hukusema jambo ambalo mimi sijajiambia," alisema. "Kila usiku kwa miaka minne. Haya, nyamaza, utanilowanishia duka." Akamgeukia Kino. "Na wewe, mzigo huu, umekuja kulia pia?"

"Nimekuja kunyolewa, Mjomba. Nitalipa."

"Afadhali mtu mwenye akili."

Kino akaketi, kiti kikalalamika. Kitambaa shingoni. Wale wa nje walipoona mkasi umeshikwa tena, walisogea mlangoni mmoja mmoja, wakajipenyeza, na muda si muda duka likajaa kama mwanzo. Upande wa kushoto wa kichwa cha Kino ulikuwa karibu kwisha aliposema:

"Mjomba, mimi nina kitu kuhusu lile swali. Lakini kama hutaki leo, basi."

Mkasi ulisimama. "Sema. Nimeshazoea."

"Unasema kwamba kama Mungu anapewa sifa kwa kanisa tupu, basi alaumiwe pia kwa jiko. Hawezi kupokea shukrani za kanisa halafu jiko akalikana. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi ile ya kanisa tupu tunaiondoa."

"Mnaiondoa vipi?"

"Ni hoja mbaya. Wewe uko sahihi. Hatukupaswa kuisema kamwe."

Mlangoni pakazuka zogo. "We kijana!" mzee mmoja alifoka. "Padri mwenyewe alihubiri hivyo!"

"Basi Padri alikosea," Kino alisema, na masikio yakamwiva. "Samahani. Lakini alikosea. Sisi hatukuanza kuamini kwa sababu mtu aliokolewa na ukuta. Yule tunayemwamini hakuokolewa. Alitundikwa msalabani mchana kweupe, na mama yake amesimama pale anaona. Dini iliyoanzia hapo haiwezi kumwahidi mtu kwamba jiko halitaanguka. Anayeahidi hivyo hajatazama msalaba vizuri."

Tibang, aliyesimama kando ya ndoo ya maji, aliona vidole vyake vinatembea juu ya paja la gauni, vinaandika hati mkato ya kila neno, bila kalamu.

"Hujaniambia kwa nini," Islaw alisema kwa sauti ya chini.

"Sijui kwa nini."

"Hujui."

"Sijui, Mjomba. Nimefikiri wiki sita, sijui. Ila nina swali na mimi, kama ruhusa."

"Uliza."

"Wewe husemi tu kwamba ilikuuma. Unasema haikuwa haki. Sasa unamdai haki nani? Ukuta hauna kesi, tofali halijui haki. Kama hakuna mtu huko, basi palikuwa na tofali na uzito tu, na hapo neno 'haki' halina pa kukaa. Lakini wewe miaka minne hukuliacha. Nadhani... nadhani huwezi kumshitaki mtu ambaye unaamini hayupo."

Kinyozi alisimama na mkasi hewani. Akazunguka kiti, akamtazama Kino usoni kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Hilo naweza kulijibu," alisema hatimaye. "Naweza kusema haki tumeitunga wenyewe, binadamu, ili tuishi pamoja."

"Unaweza."

"Lakini?"

"Lakini je, hicho ndicho unachohisi ukikumbuka jiko? Kwamba kuna kanuni ya mtaa imevunjwa?"

Islaw alichukua brashi, akamkung'uta Kino shingo, akafungua kitambaa, akakikunja.

"Umemaliza?" Kino aliuliza, akijishika kichwa. Kushoto palikuwa laini. Kulia palikuwa msitu.

"Nimemaliza. Swali langu lina pande mbili. Mmoja, kwa nini, hujanijibu, na umekiri. Wa pili, ninamdai nani, umenifunga mdomo, kwa leo. Nusu ya jibu, nusu ya kichwa. Bure."

Duka zima lililipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta, na Islaw mwenyewe akacheka, na Osang katikati ya machozi yake akapiga kelele kwamba huo ni uonevu, kwamba nusu iliyojibiwa ni kubwa kuliko nusu nyingine, kwa hiyo wapime kwa rula. Tibang alitaka kumlipia Kino peso thelathini. Kino alikataa. Alisema kichwa hicho amekipata kwa jasho, atatembea nacho.

Akatembea nacho. Kesho yake, mbele ya bendi ya tarumbeta na sanamu ya mtakatifu iliyopambwa maua, alibeba msalaba, kichwa nusu kipara nusu manyoya, na watoto wakakimbia kando wakigombania upande upi uko mzuri. Padri Teodulfo alipomwona katika sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, karibu azimie. Aliposimuliwa kisa chote, pamoja na kile kipande cha "Padri alikosea", alikaa chini.

"Alisema hivyo mbele za watu?"

"Mbele ya duka zima," Tibang alisema.

"Na wewe ulimwachia?"

"Padri, ulihubiri hivyo au hukuhubiri?"

Padri alijikuna shingo. Alikuwa kijana, na mwenye majivuno kidogo, lakini hakuwa mtu mbaya. Siku ile alipofika kwenye mahubiri aliyaacha yale aliyoandaa. Akasema aliwahi kumshukuru Mungu kwa kanisa tupu, mbele ya watu ambao siku ile walikuwa wakizika, na kwamba maneno yale anayarudisha, kama mtu anavyorudisha sufuria ya jirani, kwa aibu na bila hadithi ndefu. Wanawake wa viti vya mbele walitazamana. Nyuma kabisa, nje ya mlango, Islaw alikuwa ameegemea nguzo ya lango, eti anamsubiri mtu.

Tangu hapo Alhamisi zilibadilika. Islaw alianza kuja ukumbini. Hakuja kuamini, alilisema hilo mapema, na kila aliyejaribu kumrukia na Biblia alikiona cha moto. Alikuja kuwauliza, na vijana wakawa wanamgombania kama timu inavyomgombania mchezaji mrefu. Baba yake Osang naye akaja. Viti vikapungua. Tibang alifundisha bado kurudia hoja na kusema sijui, ila sasa kabla ya yote alimtaka kila mwanafunzi amtaje mtu mmoja anayeuliza swali hilo kweli, jina lake, na kilichompata. Asiyemjua yeyote aliambiwa akatafute kwanza, ajibu baadaye.

Osang alikuwa na haraka bado. Mtu habadiliki kama shati. Lakini kila Jumamosi alipita dukani kwa Islaw na kitu cha kula kutoka kwa mama yake, akaketi kwenye benchi, akabishana naye mpaka wateja wakaomba amani. Mwezi wa nane ulipofika, hakuhamia Cebu kama alivyopanga. Alipata nafasi chuoni Tagbilaran, akawa anakwenda na kurudi kwa basi.

Mwezi wa kumi, siku ya kumbukumbu ya tetemeko, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Islaw alifika kibarazani kwa Tibang amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mwavuli mkubwa mweusi kwapani. Alisimama pale kama mtu aliyekuja kuomba kura.

"Dada Tibang, nataka watu wawili."

"Wa nini?"

"Kaburi la mama. Miaka yote sikumruhusu mtu kusali pale. Mama alikuwa mtu wa sala, ulimjua. Nimemnyima." Alitazama mvua. "Mimi siwezi. Nitakuwa nasema uongo, na wewe mwenyewe ulisema uongo wa namna hiyo ni uongo tu. Lakini Osang na Kino wakisali, hawasemi uongo. Sivyo?"

"Ndivyo," Tibang alisema, na akaenda kuchukua viatu vyake vya mpira.

Kaburi lilikuwa safi kuliko yote yaliyolizunguka. Saruji yake ilikuwa imepakwa chokaa upya. Osang na Kino walipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, na Islaw akasimama nyuma yao na mwavuli, akiunyoosha mkono ili uwafunike wote wawili, mgongo wake mwenyewe ukipigwa na mvua. Osang alianza litania ya marehemu, sala ya kuwataja watakatifu kwa zamu, sauti inapanda. Alikwenda vizuri, mtakatifu mmoja baada ya mwingine, kisha katikati akakwama. Akarudia jina la mwisho. Akakwama tena. Kino naye hakulikumbuka linalofuata.

Mvua juu ya mwavuli.

"Mtakatifu Monika," Islaw alisema nyuma yao, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mteja kofia yake. "Halafu Mtakatifu Anna. Mama alikuwa hamruki Anna. Endelea."

Osang akaendelea.